Gari Nililolichagua kwa Fimbo

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu wa Mwamkulu! Nimesimama hapa kutoa ushuhuda. Wengi wenu mlikuja msibani kwangu, lakini sehemu ya ndani hamkuambiwa. Leo naisema.

Mnanijua, mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba yangu aliingia Katavi akiswaga ng'ombe kutoka kaskazini, na mimi nimekulia zizini. Mwaka mmoja niliuza maksai wangu wawili wa kulimia ili ninunue gari kuukuu. Nia yangu ilikuwa nijifunzie ufundi humo humo, na papo hapo linipeleke Mpanda mjini kila siku na maziwa.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja kule Magamba, limepauka, mlango mmoja una rangi yake peke yake. La pili lilikuwa la dalali mjini, jekundu, linang'aa mpaka unajiona uso. Mke wangu Mbuke aliniomba nimchukue jirani yetu Fundi Yohana aniangalizie. Fundi alikuja. La Magamba alilala chini yake muda mrefu, akatoka na vumbi mgongoni akasema hili ni baya kwa sura tu, chini ni zima. Tulipofika kwa lile jekundu akaniambia, "Jirani, usinunue kabla hujalala chini yake ukaona tumbo lake."

Ndugu zangu, sikulala! Kwetu mtu anayenunua ng'ombe husimama wima na fimbo yake. Anazunguka, anatazama manyoya. Ng'ombe mgonjwa manyoya yanasimama, mzima yanalala na kung'aa. Basi nikalizunguka lile gari, nikaligonga gonga kwa fimbo, nikasikiliza injini inavyopumua, nikaona hakuna ugonjwa hapa. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilisema nitalalaje kwenye vumbi mbele ya watu kwa kuambiwa na huyu, ambaye wazazi wake walikuja hapa wakimbizi kutoka Burundi? Kana kwamba mimi wa kwetu walizaliwa hapa. Nikalinunua lile jekundu. Siku chache baadaye Fundi akalinunua mwenyewe lile la Magamba.

Miezi ya kwanza nilitamba. Nilifungua boneti kila jioni, nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikajiita fundi. Chini sikuwahi kutazama. Pedali ya breki ilipoanza kuzama, nikazoea kuikanyaga mara mbili mbili mpaka ishike, nikaongeza mafuta ya breki, nikaendelea. Mbuke aliona. Aliniuliza yale mafuta yanaenda wapi. Nikamjibu vibaya.

Alikuwa na mimba ya miezi saba siku ile namwahisha kliniki. Asubuhi kweupe, kwenye mteremko wa kwenda kalavati, ng'ombe wa watu walikuwa wanavuka barabara. Nilikanyaga mara moja, mara mbili, mara tatu. Pedali ikaenda mpaka chini ikabaki huko. Nikakwepa, tukaingia mtaroni, gari likalala upande wa Mbuke.

Mimi nilitoka bila hata mchubuko. Aliyekuja na jeki, akajilaza kwenye matope akamtoa mke wangu, ni Fundi Yohana. Lililombeba mpaka hospitali ni lile gari lililopauka nililolikataa. Mbuke alipona. Mtoto wetu, wa kiume, hakupona. Tulimzika pembeni ya shamba, nyie mlikuwepo.

Siku aliyoruhusiwa, Mbuke aliniambia neno moja tu: "Gari nimelisamehe. Wewe bado." Tangu hapo nyumba yangu ikawa kimya. Anapika, ananitengea, anaondoka. Nililala kitanda kimoja na mtu aliyekuwa mbali kuliko Tabora. Nilitaka kulichoma moto lile gari, nikaona nitakuwa nachoma kitu ambacho hakikukosa.

Nikaenda kwa Fundi Yohana. Nilitegemea aseme alinionya. Badala yake alilivuta gari mpaka kwake, akaliinua kwenye magogo, akatandika gunia akaniambia, "Lala hapa." Nikalala, ndugu zangu. Chini kulikuwa kumeoza kote. Kutu ilikuwa imepakwa rangi juu juu, na bomba la breki nililigusa kwa vidole likabaki mkononi kama kijiti kikavu. Kumbe ugonjwa ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ningeuona kwa kulala dakika moja! Nililia pale chini kwa sauti. Nilimwomba Yohana msamaha kwa dharau yangu, nikamweleza na yale ya moyoni kuhusu wazazi wake. Akaja akajilaza pembeni yangu kwenye udongo, akaomba kwa Kirundi. Sikuelewa maneno. Lakini kile kiburi kilinitoka pale, nakiri mbele zenu, na hakijarudi.

Lile gari tulilitengeneza wawili, msimu mzima, na sasa linatembea. Mbuke halipandi. Hata leo tumekuja kwa miguu, mimi na yeye, na sitamlazimisha mpaka siku ya kufa. Mtoto hatarudi. Ushuhuda wangu hauna shangwe nyingi, mnisamehe.

Ila namshukuru Mungu aliyenishusha chini kabla hajanichukua. Kama kuna ndugu hapa amepewa shauri na jirani anayemdharau, nakusihi mwamini Mungu aliyemtuma, ulipokee leo hii, usingoje kuzika. Na mniombee nyumba yangu. Juzi tulikuwa tunapalilia mahindi, Mbuke akasimama na jembe lake, hakunitazama, akasema, "Nimeanza kukusamehe." Kisha akaendelea na mstari wake, na mimi nikaendelea na wangu, machozi yananidondoka kwenye udongo.