Miaka Thelathini na Moja ya Kuwafungulisha Wenzake Mafundo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutuchelewesha kazini, mkaguzi wetu wa kamba, ambaye sote tunamwita Mzee Fungua, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kusafisha madirisha ya maghorofa, akining'inia kama sisi wengine. Baadaye akakabidhiwa kamba zote, na amani ikatoweka kule juu ya paa. Fundo letu ni la nane: unakunja kamba ipate umbo la nane, unapitisha ncha kwenye pete ya mkanda, kisha unairudisha kwa njia ileile mpaka kamba ilale mbilimbili na mkia ubaki shibiri moja. Ukishakaza na kujipongeza, mzee anakujia na neno lake moja: fungua. Unafungua, unafunga upya, yeye kakukodolea macho.

Faili lake lina barua tatu za onyo. Moja ni ya siku meneja alipopanda kupigwa picha ya kalenda, mzee akamfungulisha fundo mara nne mbele ya wageni. Alitia sahihi barua, akashukuru, akamwomba meneja ajaribu mara ya tano. Kwenye harusi ya bintiye aliwatoa watu chini ya turubai ili kamba zifungwe upya. Mama wa bwana harusi hajamsamehe hadi leo.

Mafanikio yake yote ni mambo ambayo hayakutokea, na ofisi haina fomu ya mambo hayo. Nitaje moja. Mwaka wangu wa nane hapa nilifunga fundo huku nikibishana kuhusu mpira. Aliponiambia nifungue, nilimjibu kwa hasira kwamba mimi si mtoto. Akasubiri. Nikavuta kamba kwa nguvu kumwonyesha ilivyokaza, ikachomoka yote kwenye mkanda. Ncha sikuwa nimeirudisha. Tulikuwa juu ya ghorofa ya kumi na nne. Hakuniripoti wala hakumsimulia mtu. Aliniambia tu nifunge tena. Mke wangu, aliyeketi meza ya pili hapa kwenye sherehe hii ya kumuaga, anaisikia habari hii kwa mara ya kwanza.

Nafasi yake haitajazwa. Uongozi umebandika bango la rangi nne, lenye mishale. Ni bango zuri sana, ila ukifunga ovyo linakutazama tu.

Mzee wetu, asante. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha na majirani wavumilivu. Wanangu watatu nao wanakusalimu; wote wamezaliwa baada ya siku ile.