Kamaludin Katana wa Kumi kwa Kumi Anatuaga

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Kamaludin Katana, mkuu wa mapokezi ya gereji katika tawi letu la Mombasa, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 1997. Anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati wake, na sababu ni kwamba kazi aliifanya vizuri mno. Msomaji asidhani natania.

Alianza mwaka 1971 akiosha magari uani, akapanda hadi kukalia ile meza ya mlangoni ambapo mteja huacha ufunguo na hasira zake. Mtoto huyu wa Bondeni ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Aliyekuja kugomba kuhusu breki aliulizwa kwanza hali, kisha watoto, kisha mama mkwe, na alipofika kwenye breki zenyewe hasira zilikuwa zimepoa.

Mwaka 1995, magari ya mtumba yalipoanza kutunyang'anya wateja wa magari mapya, makao makuu Nairobi yakatuletea kadi. Kila mteja atoe alama, kuanzia moja hadi kumi, aeleze alivyoridhika. Kwa wakubwa wetu, tisa ilikuwa sawa na sifuri. Bwana Crispus, meneja wetu, alimwambia Bwana Kamaludin waziwazi kwamba kumi zisipopatikana atakwenda nyumbani. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne wanaosoma. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Hapo ndipo kipaji chake kilipochanua. Ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwake hadi kadi ijazwe. Mteja aliyesitasita aliletewa kahawa, kisha halua, kisha akahamishiwa kiti cha karibu na feni. Aliyeshikilia msimamo alisimuliwa habari za watoto wale, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Dereva mmoja wa lori la mboga alifuatwa hadi Marikiti, akaandika kumi yake juu ya gunia la viazi huku wachukuzi wakishangilia. Lori lenyewe lilirudi kwetu jioni ile likivutwa kwa kamba.

Aliyemshinda ni Bi Mwanakuu, mwenye duka la kanga Biashara Street. Alitupenda kwa dhati, wala pikapu yake hakuipeleka kwingine, lakini kila mara aliandika tisa. Alimweleza Bwana Kamaludin kwamba kumi ni ya Mola peke yake, na mja akipewa tisa ashukuru. Wazee wengi wa mjini walianza hivyo hivyo, ila wao walilegezwa na halua. Makao makuu yalipoiona tisa ya Bi Mwanakuu yalituma faksi kuuliza mama huyu ameudhiwa na nani.

Bwana Kamaludin alimpelekea kaimati Ramadhani, akamtembelea Idi, akahudhuria maziko ya shemeji yake. Tisa ikabaki tisa. Mwezi wa Julai akaketi dukani kwake, akamweleza kwamba alama hiyo moja itamtoa kazini. Bi Mwanakuu alilia kidogo, akamwomba Mungu msamaha, akaandika kumi.

Tawi letu likawa la kwanza nchini kupata kumi tupu. Tulipikiwa biriani. Wiki iliyofuata makao makuu yakatafakari, yakaona kwamba mji usio na mteja hata mmoja mwenye malalamiko hauna haja ya mtu wa kuyapokea. Meza ikafutwa. Bwana Kamaludin akaambiwa anastaafu kwa hiari, na hiari ilikuwa ya kampuni.

Bi Mwanakuu alipopata habari alikuja kwa miguu, maana pikapu ilikuwa gerejini kwetu, akaomba arudishiwe kadi yake aandike tisa, au hata tatu, vyovyote Bwana Crispus apendavyo. Akajibiwa kwamba alama zimekwishapelekwa. Alikaa pale hadi tulipofunga, na sote tuliona haya kumtazama.

Bwana Kamaludin, ahsante kwa miaka yote hii. Mimi binafsi nimekasirika, na mhariri wa jarida hili akitaka kulifuta neno hilo na alifute. Tunakutakia afya njema, watoto wako wamalize masomo salama, na usingizi usiokatizwa na faksi. Na siku gari lako litakapokuharibikia, tafadhali mtafute fundi wa mtaani. Ukija hapa utaacha ufunguo juu ya kaunta tupu, na hakuna atakayekuuliza hali.

Winnie Odera, Kaunta ya Spea