Petrus Boli Lamanepa na Karatasi Tano za Nusura

Wewe uliyeshika karatasi hii ya ibada, umeambiwa kwamba marehemu alikufa kwa sababu hakujua Kijapani?

Huenda umeambiwa, kama wengi walivyoambiwa. Imeandikwa hivyo katika taarifa ya kurasa mbili ambayo kiwanda alichofanyia kazi kilimtumia mama yake kule Adonara, imetafsiriwa vizuri na kupigwa mhuri mwekundu: chanzo cha ajali ni mfanyakazi kutoelewa maagizo ya usalama, kwa sababu ya uwezo mdogo wa lugha. Mama yake aliisoma mara mbili. Kisha akampigia simu Ignasius Ola, binamu wa marehemu, anayesoma chuo kikuu hapa Japani, huko Nagoya. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Ola, mwanangu alikuwa mjinga?"

Familia imemwomba Ola aandike wasifu huu na kuusoma leo, Jumanne tarehe 22 Oktoba 2024, hapa Yaizu, kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani. Ulioandikwa hapa ni jibu kwa mama.

Petrus Boli Lamanepa alizaliwa tarehe 14 Machi 1994, Waiwerang, kisiwani Adonara, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Bwana Yosef Kopong na Bibi Maria Barek. Alichelewa kusema. Alifikisha miaka mitatu bila kutamka neno la maana, majirani wakaanza kumhurumia mama yake, naye akawajibu kwamba mtoto bado anasikiliza. Baba yao alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Asubuhi moja Boli alisimama mlangoni, akaelekeza sikio, akatoa sentensi yake ya kwanza duniani ikiwa nzima: "Baba, mashine inaumwa." Baba aliizima na kuifungua. Beringi ilikuwa imepasuka. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupokea taarifa ya Boli kuhusu mashine aliifanyia kazi papo hapo, na taarifa hiyo ilitoka kwa mtoto wa miaka mitatu.

Alisoma shule ya msingi Waiwerang kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, akaendelea na sekondari hapo hapo hadi 2009, kisha shule ya ufundi Larantuka, idara ya mitambo, alikohitimu mwaka 2012. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa yule anayebaki darasani wenzake wakienda kucheza, akirudia alichokosa.

Baada ya shule alifanya kazi katika gereji ya pikipiki mjini Maumere kwa miaka tisa. Huko ndiko alikomwona Theresia Kewa, aliyeleta pikipiki ya kaka yake na kudai imetengenezwa vibaya. Ilikuwa kweli, imetengenezwa vibaya, na Boli. Aliitengeneza upya mara tatu, mara mbili za mwisho bila sababu yoyote. Walifunga ndoa tarehe 7 Julai 2018, na tarehe 2 Februari 2020 wakajaliwa binti, Peni.

Januari 2022, akiwa bado nchini kwao, aliingia kituo cha lugha huko Bekasi, ambako vijana wanaokwenda kufanya kazi Japani hukaririshwa vitenzi thelathini kwa siku, wamesimama, kwa kupiga kelele. Mtihani wa kwanza alianguka. Alimwandikia Ola: "Bwana mdogo, hawa watu huweka kitenzi mwishoni kabisa. Unasikiliza sentensi nzima hujui kama jambo limefanyika, halikufanyika, au wanaomba ulifanye. Ukisinzia kidogo mwishoni, umepoteza yote." Wiki mbili baadaye aliandika tena: "Nimeelewa. Ni kama kusikiliza injini. Usiseme kitu mpaka izunguke mzunguko mzima."

Alifika Yaizu tarehe 6 Juni 2022, akaanza kazi katika kiwanda kinachokausha samaki aina ya jodari mdogo, sehemu ya mkanda unaopeleka vichwa na mifupa kwenye mashine ya kusaga. Siku ya kwanza alitaka kupita nyuma ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama kwenye mkanda. Akainama na kusema kama alivyofundishwa: "Samahani sana, je, ningeweza kupewa ruhusa ya kupita?"

Mama huyo, Bibi Katsumata, aliweka kisu chini. "We kijana, nani kafa? Hapa sema 'pisha!' tu."

"Pisha, tafadhali sana."

"Ondoa hiyo tafadhali! Unaongea kama mtangazaji wa habari. Sikiliza, Boli. Siku ukiwaka moto usije ukaniomba ruhusa ya kuzimwa. Sema 'zima!' Basi. Kitenzi kitupu."

Mkanda mzima ulicheka, naye akacheka. Kuanzia siku hiyo alikuwa na walimu wawili: kitabu cha vitenzi vya adabu, na Bibi Katsumata wa vitenzi vitupu. Chumbani, ambako waliishi wanne, alibandika vipande vya karatasi kila mahali: "fungua" kwenye friji, "chemsha" kwenye birika, "vua" mlangoni penye viatu. Mwenzake Agus alilalamika: "Kaka Boli, ukiendelea hivi kesho nitaamka na karatasi kwenye paji la uso imeandikwa 'koroma'." Kesho yake aliamka nayo.

Kilichomfurahisha zaidi ni namna lugha hiyo inavyompa nafasi mtu aliyepatwa na jambo. Si lazima kusema mvua ilinyesha, unasema ulinyeshewa. Si lazima kusema baba alikufa, unasema ulifiwa. "Ola," aliandika, "lugha yenye kitenzi cha namna hiyo lazima iwe ya watu wenye huruma." Ola ameisoma barua hiyo tena juzi. Ameshindwa kuimaliza.

Sasa yafuata mambo ambayo wasifu wa marehemu kwa kawaida hauyasemi.

Katika viwanda vya hapa kuna desturi nzuri. Mfanyakazi akiona hatari iliyokaribia kumdhuru mtu lakini haikumdhuru, huandika kwenye karatasi ndogo na kuitia katika sanduku. Boli aliiita karatasi ya nusura. Karatasi za Wajapani huenda moja kwa moja ofisi ya usalama. Za wageni hupitia kwanza kwa msimamizi wa mkanda ili asahihishe lugha, maana iliamuliwa, haijulikani na nani, kwamba karatasi yenye makosa isipande juu mpaka iwe safi. Msimamizi wa Boli alikuwa Bwana Nonoyama. Si mtu katili, na hilo ndilo linalochefua. Ni mpole, na ujanani alitaka kuwa mwalimu. Alinunua kalamu nyekundu kwa fedha zake.

Tarehe 3 Juni mwaka huu Boli aliandika karatasi ya kwanza: komeo la kifuniko cha mashine ya kusaga limelegea, kifuniko kinafunguka, na mashine haizimiki kama inavyopaswa. Ilirudi siku mbili baadaye. Kitenzi kimoja kimezungushiwa duara jekundu, kingine kimefutwa na kuandikwa sahihi pembeni, na chini yake ua, lile ambalo walimu wa shule za msingi za Japani huwachorea watoto waliofanya vizuri. Ua lilikuwa na petali tatu.

Akaandika tena tarehe 21 Juni, ikarudi na ua. Akaandika tarehe 30 Julai, ikarudi na ua lenye petali nne. Ya tarehe 2 Septemba aliipeleka mwenyewe mkononi, na Bibi Katsumata, aliyesimulia haya, alikuwepo.

"Bwana Boli, umeendelea sana!" Nonoyama alisema. "Hapa tu. Ukiandika hivi, inaonekana kama kifuniko kina akili yake."

"Lakini Msimamizi, kinafunguka kweli. Jana kimefunguka mara mbili."

"Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Ndiyo maana nakwambia, kitenzi hiki ndicho sahihi zaidi."

"Msimamizi, fundi atakuja lini?"

"Ah! Swali zuri. Umeliuliza vizuri kabisa."

Bibi Katsumata aligeuka kutoka kwenye mkanda. "Nonoyama, mtu anakwambia mashine mbovu, wewe unamsahihishia insha?"

"Mama, tunamlea. Ana mtihani wa lugha Desemba."

"Atafanya na vidole vingapi?"

Nonoyama alicheka, akadhani ni utani. Bibi Katsumata naye alipeleka malalamiko ofisini kwa mdomo, akaambiwa mashine hiyo huendeshwa na wageni, kina Boli. Kama kuna tatizo, wao wataandika.

Wataandika! Alikuwa ameandika mara nne.

Tarehe 8 Oktoba Boli aliandika karatasi ya tano. Aliiandika kwa siku tatu, kila kitenzi akikihakiki kwenye kitabu, kwa sababu aliamini kwamba akiondoa kosa la mwisho, karatasi itapanda juu na fundi atakuja. Maneno yake haya: "Kila siku kifuniko cha mashine ya kusaga hufunguka wakati mashine inazunguka. Komeo limekwisha. Mtu anaweza kuvutwa mkono. Naomba litengenezwe kabla mtu hajaumizwa." Nonoyama aliisoma, akatafuta kosa, hakuliona hata moja. Alifurahi mno. Alichora ua kubwa lenye petali nane, akaandika "Hongera!", na badala ya kuipeleka ofisini akaibandika kwenye ukuta wa chumba cha chakula, juu ya sufuria la wali, chini ya kichwa cha habari: Mfano Bora wa Uandishi kwa Wageni Wetu. Kwa wiki nzima wafanyakazi tisini na mmoja walisoma onyo hilo wakipakua wali. Meneja alilisoma pia. Alisema mwandiko ni mzuri.

Ndugu mliokusanyika, hakuna tusi linalofaa kusemwa kanisani litakaloutosha ukuta ule.

Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kifuniko kilifunguka na mkono wa kulia wa Boli ukavutwa. Hakulia kwa lugha ya kwao. Hakuomba kwa vitenzi vya kitabu. Alipiga kelele kwa Kijapani, neno moja, bila tafadhali: "Zima!" Bibi Katsumata alifika kwenye kitufe chekundu cha kuzimia mashine kwa hatua nne. Anasema alielewa mara moja. Anasema hajawahi kusikia kitenzi kilichotamkwa sawasawa namna ile.

Alipelekwa hospitali, akapoteza damu nyingi, akafanyiwa upasuaji mara mbili. Jumatano jioni alizinduka kwa muda. Muuguzi alimwuliza kama ana maumivu, naye akamjibu kwa adabu zote za Bekasi kwamba anashukuru kwa kuulizwa. Kisha akamwambia Ola, aliyekuwa amefika kutoka Nagoya, kwa Kilamaholot, lugha ya kwao: "Mwambie Kewa nimesahau kumtakia Peni usiku mwema." Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini.

Kiwanda kimeiomba familia iitie saini ile taarifa ya kurasa mbili. Familia haitatia. Theresia Kewa amesema hivyo kwa simu, kwa sauti yake, na walioko hapa kwa niaba ya kiwanda wamesikia. Karatasi zote tano, pamoja na maua yake, zimechapwa nyuma ya karatasi hii ya ibada. Nakala zimepelekwa kwa mkaguzi wa kazi. Tafadhali zigeuzeni mzisome, hasa ya tano. Kisha kila mmoja amjibu Mama Barek moyoni mwake kama mwanawe hakujua Kijapani, au alikijua hadi nukta ya mwisho akakosa mtu wa kukisikia.

Marehemu ameacha mama, Bibi Maria Barek. Mjane, Theresia Kewa. Binti mmoja, Peni, wa miaka minne. Kaka yake Lambertus, wadogo zake Kristina na Damianus. Binamu yake Ola. Wenzake watatu wa chumbani. Na Bibi Katsumata, ambaye ameomba atajwe miongoni mwa wafiwa, na familia imekubali bila kuulizana. Mungu ampe Boli usingizi usiokatishwa na king'ora cha zamu, na mahali ambapo mtu akisema, anasikiwa.

Limebaki jambo moja ambalo Ola aliliona kwa macho yake. Asubuhi iliyofuata kifo, Ijumaa, alikwenda kiwandani kuchukua vitu vya marehemu. Wafanyakazi walikuwa wamesimama mistari kwa kikao cha asubuhi. Waliinamisha vichwa dakika moja, kisha wakatawanyika. Ile karatasi ya tano ilikuwa bado ukutani juu ya wali, na Ola aliibandua mwenyewe. Akiwa ameishika, aliona kupitia dirisha fundi akiingia na bisibisi na kiboksi kidogo. Alifungua skrubu nne, akatoa komeo la zamani, akaweka jipya, akafunga skrubu nne. Ola alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika saba. Kisha fundi akasimama wima kama sheria ya kazi inavyomtaka kila mtu hapo afanye, akanyoosha mkono, akalielekezea komeo kidole, na ingawa hapakuwa na mtu karibu naye, akatangaza kwa sauti kubwa: "Komeo, sawa!"

Mkanda ukaanza kutembea.