Taarifa Imesema Wote Wazima

ROBI: Haloo! Nelson? Ndiyo wewe?

NELSON: Ofisi ya mahusiano ya mgodi, naongea na nani mwen—

ROBI: Ofisi gani! Ni mimi, mama yake Marwa, hapa Matongo.

NELSON: Aa, mama! Shikamoo.

ROBI: Marahaba. Marwa yuko wapi? Tangu mwamba udondoke huko chini asubuhi, simu yake haiiti.

NELSON: Mama, taarifa tumeshaitoa kwa—

ROBI: Nimesomewa! Mke wake kanisomea kwenye simu. "Wafanyakazi wote wa kampuni wako salama." Jina lako liko hapo chini. Nimepiga vigelegele mimi! Watu walijaa hapa uani kama msibani, nikawaambia nendeni kwenu, Nelson amesema wote wazima.

NELSON: Mama, hiyo taarifa i—

ROBI: Haloo? Unakatika!

NELSON: Nipo. Mtandao tu huu. Mama, tunawaomba wadau wetu wawe na subira wakati—

ROBI: Mdau? Mimi ndiyo mdau? Mmetoka jandoni siku moja wewe na mwanangu, nikawapikia uji sufuria moja. Leo unaniita mdau!

NELSON: Nisamehe, mama. Ndivyo tunavyo— ndivyo wanavyotaka tuongee.

ROBI: Basi ongea kama mtoto wa hapa Matongo. Kama ni mzima, mbona hapigi?

NELSON: Marwa bado yuko na wale wa kuchoronga, wanaotoboa miamba kule chini?

ROBI: Si huko huko kwenu? Kila siku anaingia geti lenu!

NELSON: Geti ni letu. Ila aliyemwajiri ni mkandarasi. Na watu wa mkandarasi... kwenye taarifa hawamo.

ROBI: Hawamo wapi?

NELSON: Kwenye hao tuliosema wako salama.

ROBI: [mkwaruzo] Rudia. Sijasikia.

NELSON: Umesikia, mama. Mimi niliandika kwamba kuna watu wa mkandarasi bado wako chini. Wakubwa wa Dar wakakifuta hicho kipande, wakanirudishia niitume hivyo hivyo.

ROBI: Ukatuma.

NELSON: Nikatuma.

ROBI: Na jina lako ukaliacha.

NELSON: Mama, ningefukuzwa ka—

ROBI: Yuko wapi mwanangu?

NELSON: Siruhusiwi kusema kabla kampuni haija—

ROBI: Kampuni sijaipigia! Nimekupigia wewe!

NELSON: [anavuta pumzi] Wale watu wa uani... wameshafika mbali?

ROBI: Wengine nawaona pale barabarani, wanangoja bodaboda. Kwani?

NELSON: Waite warudi.

[mkwaruzo]

NELSON: Mama? Mama, upo?

ROBI: Vocha inaisha. Sikia. Mimi siwezi kuwaita, nimeshawaambia ni mzima. Njoo uwaite wewe.

NELSON: Mama, niko kazini, waandishi wa habari wako ge—

ROBI: Njoo, Nelson. Bila karatasi. Uje usimame hapa uani, useme kwa mdomo wa—

[simu inakatika]

NELSON: Haloo? Mama? ...Nakuja.