Gervasi Ruhoro, Aliyetafuta Gari Lisilomwaga Chai

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu wa Heru Juu na majirani mliopanda nasi kutoka Kigoma asubuhi hii: mkinisikia nacheka katikati ya kusoma, mnivumilie. Mimi ni Marcelina, mdogo wa mjane. Marehemu alikuwa shemeji yangu kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo sidhani tuliwahi kumaliza kikombe cha chai bila kutaniana. Familia ilimpangia Rodgers, mwanawe, asome wasifu huu. Rodgers akasema baba angependa kusomewa na mtu wa kugombana naye, basi karatasi zikaja kwangu.

Gervasi Ruhoro alizaliwa hapa Heru Juu, wilaya ya Kasulu, tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa nne wa Mzee Bonaventura Ruhoro na Bibi Evaline. Wote wawili wametangulia. Bibi Evaline ndiye aliyenisimulia kwamba Gervasi alikuwa mchaguzi wa usafiri tangu mdogo. Baba yake alipotaka kumpeleka zahanati kwa baiskeli, mtoto alikataa kupanda karia mpaka akunjiwe khanga ya kukalia, kisha akataka na ya pili. Mzee Bonaventura alisukuma baiskeli ile kilima kizima, mgonjwa amekaa juu kama mkuu wa wilaya.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Heru Juu, kuanzia mwaka 1954, na baadaye akaendelea Tabora hadi mwaka 1965. Barua zake za kutoka Tabora zilisomwa kwa sauti nyumbani, na kila moja ilieleza habari za behewa alilopanda: viti vyake, mtikisiko wake, jinsi lilivyoingia kona. Habari za masomo ziliwekwa mwishoni, mstari mmoja. Hata hivyo alifaulu, na mwaka 1967 aliajiriwa na Reli kama karani wa mizigo katika stesheni ya Kigoma, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2001. Aliipenda treni na aliilinda heshima yake mbele ya watu, ila nyumbani alikuwa akisema kasoro yake ni moja tu, haikufikishi mlangoni.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na dada yangu Brigita katika kanisa tulilotoka kusali sasa hivi. Walikaa Buzebazeba, mjini Kigoma, nyumba ile ile ambamo wengi wenu mmelala tangu Jumamosi. Mwezi wa Aprili 1976 Brigita alipanda lori la mizigo kuja hapa Heru Juu kwa mama yetu kujifungua, kama ilivyo kawaida kwa mimba ya kwanza. Mvua ilikuwa imeichimba barabara. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, njiani, walipokuwa wamekaribia Kasulu. Alikuwa wa kiume, na hakulia. Ndiye aliyelala hapa pembeni, kwenye kaburi lile dogo lenye mawe meupe. Brigita alirudi Kigoma kwa lori vilevile, maana hapakuwa na kingine, na aliposhuka alimwambia mumewe kwamba barabara hiyo hatapita tena maishani mwake.

Mwanamume mwingine angembembeleza, au angemkemea. Shemeji alikwenda kutafuta gari. Alimwambia dada yangu, nami nikiwepo, "Nitakupeleka kwenu umekaa kiti cha nyuma, umeshika kikombe cha chai kilichojaa, na chai haitamwagika."

"Ikimwagika je?"

"Tunageuza."

Niliwaambia huo ni wendawazimu wa watu wawili, na hadi leo sijabadili mawazo. Lakini lilikuwa agano lao, na wakalishika. Kristina alizaliwa Kigoma mwaka 1978 na Rodgers mwaka 1981, na wote wawili walikua wakiamini kwamba kila familia husafiri na kikombe cha bati, birika, na kitambaa cha kufutia sketi ya mama.

Gari la kwanza lilikuwa Datsun iliyotumika, aliyoipata mwaka 1979 kwa mwalimu aliyehamishiwa Mtwara. Ilikuwa nyepesi na ilishika kona vizuri, ila ilikuwa imezeeka na kila jiwe la barabarani lilifika hadi kwenye meno ya abiria. Chai ilimwagika Mwandiga, mwanzoni kabisa mwa safari. Brigita akafuta sketi, akasema, "Geuza," na shemeji akageuza. Mwaka 1984 akaja na Toyota Korola, ambayo injini yake ilipanda milima bila kulalamika, na mwendo wake ulimfurahisha sana. Kwa Korola walifika Kidahwe, mbele kidogo. Halafu mwaka 1990 akapata Pijo 504, na tangu siku hiyo Datsun na Korola zikabaki kuwa za kufananishia. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa kwa rafiki yake Yassir, fundi wa Rusimbi, wamekaa kwenye viti vya gari vilivyong'olewa, wakijadiliana kama wanagombea jimbo: kiti cha ile, usukani wa hii, injini ya nyingine. Alitaka yote matatu yakae kwenye gari moja. Nilipomuuliza kwa nini asinunue tu lililo bora, alinitazama kwa huruma akasema, "Shemeji, bora kwa nani?"

Jambo moja lazima nilisimulie, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kulisimulia. Mwaka 1991 aliamua kwamba dawa ni ulaini. Akamfanya Yassir abadilishe springi zote ziwe laini, viti vikajazwa sponji upya na kushonewa vitambaa vipya vya rangi ya kahawa. Gari likawa kitanda. Wakati huo mama yetu alikuwa amekuja kumtembelea Brigita, maana mama ndiye aliyekuwa akipanda lori kumfuata binti asiyekwenda kwao. Shemeji akamtia mama ndani ya Pijo kumpeleka Ujiji kununua migebuka. Kufika kona ya pili, gari likalala upande huu, likarudi upande ule, na mama akatapika juu ya vitambaa vipya, mfuko wa samaki ukiwa bado mtupu.

Mama alipojifuta alimwambia mkwewe taratibu, "Mwanangu, lori lilinipiga, lakini halikunizungusha."

Na Yassir alipoletewa habari alisema, "Ulaini umeupata, mzee. Sasa gari halina mgongo."

Hapo ndipo shemeji alipotambua kosa lake. Alikuwa akitafuta gari lisilosikia barabara, kumbe alihitaji gari linaloisikia na kutulia. Alianza upya. Springi zikarudishwa za kiasi, bushi za usukani zikabadilishwa, matairi yakawa mapana kidogo. Shokapu nzuri za Pijo zilikuwa zikipatikana Bujumbura, na aliziagiza kwa watu wa maboti. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 1993, maboti yakawa yanaleta watu waliokimbia mauaji ya Burundi na si vipuri, na shokapu zake zikakwama. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Alikuwa stesheni, aliwaona wale watu wakilala kwenye saruji ya jukwaa na watoto wao, na jioni alirudi nyumbani akamwomba Brigita mablanketi. Shokapu zilifika baada ya miaka mitatu, kwa njia anazozijua Yassir.

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1996 walianza safari tena, na mimi nikakaa kiti cha mbele. Tulipita Mwandiga, kikombe kimejaa. Tukapita Kidahwe. Tulipopita Kanyani, ambapo hawakuwahi kufika na kikombe, shemeji alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka, macho yake yanakwenda kwenye kioo na kurudi barabarani. Mimi nami, niliyewaita wendawazimu, nilikuwa nimeshika mlango na kuomba rozari.

Mbele yetu lori lilikuwa limeharibika. Lilikuwa limebeba watu waliovuka ziwa kutoka Kongo, wanapelekwa kambi mpya ya Nyarugusu, na wengi walikuwa wameshuka wamekaa ukingoni. Mwanamke mmoja alikuwa amelala juu ya kitenge, tumbo kubwa, dada yake amemshika kichwa. Shemeji alipunguza mwendo. Hakusimama, alisita tu, na mimi sitamlaumu kwa sekunde ile. Ni Brigita aliyesema.

"Baba Kristina, simama."

Alisimama. Dada yangu alifungua mlango mwenyewe, akashuka na kikombe mkononi, akapiga magoti kwenye tope. "Kunywa, mama. Ina sukari." Yule mwanamke, jina lake Marsiana, akanywa chai yote. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Brigita, dada yake akabanana nami mbele. Shemeji aliendesha kuelekea Kasulu, na naapa mbele ya marehemu sijawahi kuona gari likiendeshwa vile. Kila shimo alilijua kabla ya kulifikia. Tulipokaribia Kasulu, mahali ambapo mimi na dada yangu tunapajua, Brigita alifumba macho. Marsiana ndiye aliyesema, kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, hii motokari haiumize mutu."

Mtoto alizaliwa salama hospitali ya Kasulu alasiri ile, msichana, na aliitwa Angela. Tulipotoka hospitali, shemeji aliuliza kama tugeuze kurudi Kigoma, maana agano ni agano. Brigita akamwambia, "Twende nyumbani." Ndivyo dada yangu alivyofika kwao baada ya miaka ishirini, na alipitia kwanza hapa, kwenye mawe meupe, kabla ya kuingia kwa mama. Mumewe alikaa pembeni yake mpaka giza lilipoanza.

Tukiwa njiani kurudi Kigoma, nilimpongeza. Akatikisa kichwa. "Kikombe hakikufika."

"Nilimpa mtu," Brigita akasema.

"Ulifanya vizuri. Lakini hakikufika."

Basi akaendelea kulitengeneza lile Pijo hadi nguvu zilipomwishia. Walikuja Kasulu mara nyingi baada ya hapo, na Brigita hakudai tena mtu ageuze, lakini kila safari chai ilimwagika mahali, kidogo tu, na kila safari shemeji alirudi kwa Yassir. Sisi wengine tulikuwa tumeshasahau. Yeye alikuwa ameahidi.

Mwezi wa Septemba 2003 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Alitibiwa hospitali ya mkoa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, kwani alikuwa mgonjwa anayetoa maoni juu ya magurudumu ya kitanda. Nyumbani alimwomba Rodgers amkalishe ndani ya Pijo, uani, gari likiwa limezimwa, na Brigita alikaa naye humo mchana, wakinywa chai. Mwezi uliopita hali ilibadilika. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 17 Julai 2004, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Brigita, watoto wawili, Kristina na Rodgers, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, Feliksi na Martini, rafiki yake Yassir, ambaye familia inamhesabu ndugu, na Angela, ambaye leo amekuja na mama yake kutoka Nyarugusu kwa kibali, na ambaye amekuwa akimwita babu tangu alipoanza kuongea. Ameacha pia shemeji mmoja asiye na mtu wa kubishana naye.

Kijitabu mlicho nacho mkononi kinaishia hapo. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, tulipofika.

Jeneza halikuingia kwenye Pijo. Tulipima, tukapima tena, ikabidi tukubali pikapu ya parokia, gari la aina ambayo marehemu hakuwahi kuisemea jema. Jana mchana kutwa Yassir alikuwa chini ya pikapu ile. Alitoa vyuma viwili kwenye springi za nyuma, akapunguza upepo wa matairi, akatandika viroba vya mchanga na juu yake magodoro. Nilipomuuliza anafanya nini, alisema, "Hawezi kupigwapigwa. Si yeye."

Asubuhi hii Brigita alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akakaa kwenye godoro karibu na jeneza, akamwambia Kristina amletee kikombe cha bati, kijae. Nilipanda naye kwa sababu nilijua asingesikia la mtu. Yassir aliendesha kama amebeba trei za mayai, na ninyi mliokuwa nyuma yetu mkipiga honi, sasa mnajua sababu. Tulipita Mwandiga. Tulipita Kidahwe na Kanyani. Tulipita pale. Dada yangu hakulia njia nzima, alikuwa anatazama chai.

Tumefika. Chai imepoa na ina vumbi juu, lakini imejaa. Brigita ameshuka nayo mwenyewe, ameiweka pale kwenye mawe meupe, kati ya kaburi la mtoto na kaburi hili la baba yake. Tazameni, ipo.

Kimefika, shemeji. Pumzika sasa, kwa amani.