Mikeke ya Chunguni

Enzi za Mjerumani, mwaka ule daktari wa boma alipoamuru watu wa Rumonge, ufukweni mwa ziwa, wafukie kila kilichooza, akihofia kuwa kinavuta mbung'o wa malale, Amuri alikuwa na chungu kinachonuka. Mvua ilikuwa imemnyima jua la kukaushia mikeke, samaki aliowanunua Magara, akawatia chumvi ya Uvinza, akawafunika chunguni na kuwaficha nyuma ya baraza la Esha muuza kahawa. Akangoja jua litoke. Halikutoka. Na asubuhi hiyo askari mmoja Mnubi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, pua juu.

— Anatafuta harufu, alisema Uledi, waliyemwita Masafari kwa kuwa aliwahi kubeba mizigo mpaka Tabora. Amuri, hii chungu itakuletea viboko.

— Haijaoza. Iko na chumvi, Amuri alijibu.

— Wazungu wenyewe iko na pipa ya kabichi. Inachacha mpaka inatoa povu, na wanakula. Nilibeba mimi.

— Ile si chakula, alikata Alimasi, jina la baraza Daktari, maana alipata kufagia kambi ya wagonjwa wa malale. Wanajipaka miguuni, mbung'o wasiwaume.

— Na achari ya Wahindi? aliuliza Esha akimimina kahawa.

— Ile ni ya safari ya bahari, alisema Alimasi. Muhindi asipokula ndimu ya chumvi, anafika Unguja ameota magamba.

— Basi Amuri aseme ni dawa, alisema Uledi.

— Aseme muna jini ndani, aliongeza Alimasi. Nani atafunua?

Amuri hakucheka. Jirani yake alikuwa amechapwa viboko kwa ajili ya ngozi ya mbuzi iliyonuka tu, na mpaka leo alikuwa akilala kifudifudi.

Askari akafika. Akatoa salamu, akazunguka nyuma ya baraza, akafunua.

— Chungu ya nani?

Kila mtu akaangalia kahawa yake. Amuri akasimama.

— Yangu, afande.

Askari akachovya kidole, akalamba. Kisha akakaa palepale kwenye matope, bunduki mapajani.

— Kwetu, kwenye mto Nili, mama alikuwa anafanya samaki hivi hivi, alisema polepole. Toka Wadachi wanichukue, sijaila. Nafuata harufu tangu alfajiri, nikasema labda akili imeniruka.

— Na boma? Amuri aliuliza kwa sauti ndogo.

— Boma nitasema sikunusa kitu.

Amuri akashusha pumzi ndefu hata Esha akageuka kumtazama. Kisha akacheka, akashindwa kujizuia. Esha akaleta ugali wa muhogo, wakazunguka chungu wote, Alimasi naye akimega kwa woga, halafu akimega bila woga.

— Murakoze, asante, alisema askari, akilamba vidole. Huku munaiita namna gani hii?

Wakatazamana. Asubuhi yote walikuwa wameiita harufu, dawa, jini. Amuri akamsogezea ugali, na askari akaendelea kungoja, mkono wake umerudi chunguni.