Chuma na Katuni: Maisha ya Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshona mashuka. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake wa kike, tuliachiana ziwa. Nyumbani hatukumwita jina lake. Tulimwita Katuni, kwa sababu hakupita mtu mlangoni asimwige. Alimwiga baba akitafuta nyumba nzima penseli iliyokuwa sikioni mwake. Alimwiga shangazi akikataa chai kwa mdomo huku mkono unasogeza kikombe. Mama alimkemea kwa sauti kubwa, kisha akakimbilia jikoni kucheka. Naanza na huyo makusudi, maana wengi wenu hamkuwahi kukutana naye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1966, kisha akasomea ualimu hadi alipohitimu Novemba 1972. Somo lake lilikuwa Jiografia. Chuoni alikuwa kinara wa maigizo, na wakufunzi wake walimhakikishia kwamba wanafunzi watampenda. Naye alijiandaa kupendwa, akanunua na shati la maua.

Januari 1973 aliripoti kazini, na hapo gego lilimponza. Lilikuwa limevimba, limemjaa shavu, na asubuhi hiyo ndiyo aliyotakiwa kutambulishwa mstarini. Alisimama mbele ya shule amekunja uso kwa maumivu, mdomo haufunguki. Wanafunzi wakanyamaza kama waliomwagiwa maji. Mkuu wa shule, aliyekuwa amehangaika muda mrefu kupata mwalimu wa nidhamu, akamgeukia msaidizi wake na kusema, "Tumempata." Jino liling'olewa Jumamosi yake. Cheo hakikung'oka mpaka alipostaafu. Wanafunzi wakambatiza jina la Chuma, na jina likamkaa.

Msidhani hakujaribu kujinasua. Kila alipokuja mkuu wa shule mpya, kaka alikuwa wa kwanza kubisha hodi ofisini. "Mkuu, naomba nifundishe tu. Hii kazi ya kununa siiwezi." Na kila mkuu alimjibu yaleyale: "Mwalimu, ukiiacha wewe, hapa patakalika?" Mwaka mmoja, kwenye michezo ya walimu, alijisahau akatabasamu. Wenzake wawili wakamvuta pembeni kumuuliza kama anajisikia vizuri. Akaona heri anune, yaishe.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, aliyemwona mara ya kwanza nyumbani kwetu akifanya vituko vyake, akacheka mpaka akakosa mbavu. Walihamia nyumba ya mwalimu ndani ya uzio wa shule, madirisha yote yakitazamana na bweni. Humo ndimo wifi alimokutana na Chuma. Alikuwa akiniambia, "Wifi, mimi niliposwa na mmoja, nikaolewa na wawili." Kila jioni alivuta mapazia kwanza, ndipo mumewe akavua viatu na kuanza kumwiga mpishi wa shule kwa kunong'ona. Walicheza muziki kwa soksi. Nilipowatembelea nilikabidhiwa mto wa kuchekea. Wanao wawili wa kiume walikulia humo, na mpaka leo wakicheka huziba mdomo. Ukiwauliza kwa nini, hawajui.

Kitinda mimba wao, binti, alizaliwa tarehe 2 Juni 1984. Kaka zake walipelekwa shule za mbali, lakini yeye alichaguliwa hapohapo kwa baba yake. Kaka aliogopa mno kuonekana anampendelea. Asubuhi moja mstarini, Chuma akihutubia, binti alicheka. Baba yake alimtoa mbele na kumpigisha magoti juani, shule nzima ikitazama. Hakumuuliza alichochekea. Jioni, mapazia yalipofungwa, alimaliza vituko vyote alivyovijua. Binti akasimama wima, mikono nyuma, akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Basi akawa Mwalimu kwake tangu hapo, hata kwenye simu, hata siku ya harusi yake. Hilo lilimuuma kaka kuliko gego. Aliniambia, "Nikistaafu atanijua. Acha tu nistaafu."

Alistaafu Juni 2011, akahamia nyumba yake mjini. Masikini, mji wenyewe ulikuwa umejaa wanafunzi wake! Polisi wa barabarani alimpigia saluti. Muuza samaki alizima sigara na kuificha nyuma ya mgongo, mtu mwenye wajukuu. Siku moja aliamua kumtania kinyozi wake, akamwambia, "Leo nisuke." Kinyozi akaweka mashine chini: "Samahani Mwalimu, sitarudia." Kaka alirudi nyumbani kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Tulicheka sote watatu, yeye, wifi na mimi, lakini nilimwona alivyoinuka, akaenda kuvuta mapazia, wakati nje hapakuwa na bweni wala mwanafunzi.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alitambua ugonjwa wa Parkinson, akatueleza kwamba misuli ya uso nayo itakakamaa. "Atakuwa anaonekana amekasirika wakati hajakasirika," alisema. "Ndani yupo vilevile." Kaka akauliza, "Kwa hiyo Chuma ameshinda?" Daktari alidhani anauliza habari za mchezo. Mimi na wifi tulielewa, na wifi akatoka nje. Kufikia mwaka 2020 uso ulikuwa umefungwa kabisa, na sauti ikawa ya kunong'ona hata pale alipotaka kupiga kelele. Nilikuwa nikimtazama machoni, nikamwona yuko mle, anazunguka, anatafuta pa kutokea. Sijawahi kuona adhabu kama ile.

Novemba 2021 binti yake, ambaye ni fundi umeme mji mwingine, alikuja kumuuguza. Kila alipomlisha uji alitazama uso ule na kuomba radhi. "Samahani Mwalimu, ni wa moto? Samahani." Mchana mmoja nilikuwa nawasimulia habari za shangazi yetu na chai yake. Wifi akasema, "Mwone, anacheka huyo."

"Mama, usinifariji," binti akajibu. "Amechukia. Si unamwona?"

Wifi hakubishana. Aliushika mkono wa bintiye, akauweka juu ya tumbo la baba yake. Tumbo lilikuwa linaruka. Binti akatutazama mmoja mmoja. "Huku ndiko kucheka?"

"Tangu asubuhi," wifi akasema. "Hajapumzika."

Binti hakuuondoa mkono. Akamwambia baba yake, "Siku ile mstarini, hukuniuliza nilichochekea. Kulikuwa na kuku nyuma yako. Ulipopiga hatua, naye anapiga. Ulipogeuka, naye anageuka. Ulipotunyooshea kidole, akanyoosha shingo." Kitanda kikaanza kulia. Machozi yakamtoka kaka kwenye uso uleule wa chuma, naye binti analia na kucheka, na mkono uko palepale. "Baba," akamwambia. "Baba, nilijua ungecheka."

Walikuwa na miezi miwili na ushee. Kila siku alimletea kichekesho, kisha akaweka mkono kusikiliza. Kaka alipatwa na homa ya mapafu, akafariki Alhamisi tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, wana wawili wa kiume, binti mmoja, wajukuu saba, na wadogo zake wawili.

Tulitafuta picha yake akicheka ili tuiweke kwenye kijitabu hiki, tukakosa. Iliyopo ni ya Chuma. Nanyi mliokuwa wanafunzi wake, haya nayaandika siku moja kabla ya mazishi, lakini nawajua: mmekuja na mmejipanga mistari, mashati mmechomekea, kimya, na hakuna aliyewaamuru. Binti yake anawaomba mtoke kwenye mistari. Sogeeni karibu na jeneza, simameni ovyo ovyo, na anayekumbuka kituko asikizuie.

Kaka yangu Katuni, pumzika kwa amani. Wameruhusiwa kucheka.